FIRIMBI INALIA WAKATI GANI?

Baada ya kila mchezo wa basketi kati ya madarasa tunasikia maneno mengi juu ya arbitri. Wengine wanasema anapendelea, wengine eti hajui kanuni. Tunataka kueleza kazi yake, maana si kila kugusana ni fote.

Watu kumi wanakimbia katika uwanja wa metre 28 kwa 15. Hawawezi kukosa kugusana. Kanuni za FIBA zinaomba arbitri ajiulize: huyu aliyegusa amepata faida isiyo ya haki? Ukimgusa mwenzako mkono kidogo naye anaendelea vizuri, firimbi inyamaze. Lakini ukimsukuma hata kidogo akiwa anaruka, akapoteza mpira, hiyo ni fote.

Shida kubwa ni pale wawili wanapogongana karibu na panye. Watu wengi wanaangalia nani ameanguka. Hapana! Tuangalie yule anayezuia. Kama alikwisha kusimama, uso kwa mshindani, miguu miwili chini, mbele mwenye mpira hajaruka, na huyu anamgonga kifuani, fote ni ya mwenye mpira. Kama amejitupa pale wakati mwenzake yuko hewani, fote ni yake. Tena hakatazwi kusogea nyuma ao kando ili abaki mbele ya mwenzake.

Kisha iko sekunde tatu. Mshambuliaji hana ruhusa ya kukaa zaidi ya hizo chini ya panye ya washindani. Lakini akiwa anajaribu kutoka, kanuni zenyewe zinataka avumiliwe.

Kanuni zinasema pia arbitri apime uwezo wa wachezaji. Wadogo wa mwaka wa kwanza, tukiwapigia firimbi kwa kila kosa dogo la miguu, watajifunza lini? Ila hatari haina wadogo wala wakubwa: kumvuta mtu hewani juu ya simenti, hapo firimbi ilie mara moja.

Neno kubwa zaidi ni hili: kilicho fote dakika ya kwanza kiwe fote dakika ya mwisho, kwa ekipe zote mbili. Arbitri akikosea upande mmoja, asijaribu kulipa upande wa pili. Hapo makosa yanakuwa mawili.

James Naismith, alipoandika kanuni 13 za kwanza kule Springfield, Marekani, mwaka 1891, aliweka waamuzi wawili: mmoja kwa wachezaji, mwingine kwa mpira. Basi na sisi tuweke firimbi mbili, hata kwa mchezo wa madarasa.

Mara nyingi mwenye firimbi ni mwanafunzi kama sisi. Kesho yake anakaa darasani pamoja na wale aliowapigia fote. Tukimtisha, siku ingine ataamua kwa woga, si kwa macho, na ekipe zote zitapoteza. Mwenye swali amwambie kapteni. Yeye aulize kwa adabu, wakati mpira umesimama.