Kosa Likielezwa Vizuri

Kila toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu, likitoka, gumzo huwa ni kasi. Kwa mwanafunzi wa Makumira au Nambala, huku Meru, anayeanza kuandika skripti, naona lenye uzito zaidi ni namna chombo kinavyomweleza kosa lake. Tuseme anajumlisha mvua iliyopimwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mstari wa 4 amefungua mabano, akaorodhesha milimita za kila siku, akasahau kuyafunga. Zamani Python ilikwama kwenye mstari uliofuata, usio na kosa lolote, ikatangaza tu kwamba sarufi si sahihi, na mwenzetu akaanza kuukagua mstari ambao hauna hatia. Tangu toleo la 3.10, la Oktoba 2021, inaonyesha mabano yenyewe yaliyoachwa wazi.

Maboresho mengi ya aina hii yana mzizi katika toleo la 3.9 la mwaka 2020, lililoleta kichanganuzi kipya, yaani sehemu inayosoma sarufi ya msimbo, cha Guido van Rossum, Pablo Galindo na Lysandros Nikolaou. Kile cha zamani kiliamua njia kwa kuchungulia neno moja tu mbele. Hiki hujaribu njia moja, ikishindikana hurudi nyuma kujaribu nyingine. Ndiyo maana kinaweza kuwekewa kanuni za makosa yaliyozoeleka, kama kusahau nukta mbili baada ya sharti, zikajaribiwa pale kanuni halali zinaposhindwa. Majina yana hesabu yake. Ukiandika jumla_mvu badala ya jumla_mvua, Python huhesabu herufi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili jina moja liwe jingine, kipimo cha Mrusi Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965, kisha hukuuliza kama hukukusudia jumla_mvua. Hulinganisha na majina yanayotambulika ndani ya skripti yako, si na kamusi ya Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili na Kimeru kwake ni sawa. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, limeongeza rangi kwenye ujumbe wa kosa, na hukuonya pale faili uliloliita random.py linapoiziba moduli ya Python yenye jina hilo, mtego uliowanasa wengi.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati, maana akili mnemba inarekebisha msimbo wote kwa sekunde. Lakini msaada huo kwa kawaida unataka bando, na aghalabu humkabidhi mtu jibu kabla hajajua kilichoharibika. Ujumbe wa Python umo ndani ya kompyuta, nayo kazi ya kurekebisha inabaki ya mwanafunzi. Pingamizi zito ni kwamba ujumbe wenyewe bado ni wa Kiingereza. Hapo sina utetezi, ila sentensi inayotaja mstari, alama na jina husika inafasirika darasani; ile ya zamani hata aliyeielewa haikumfaa kitu. Tena chombo hukagua umbo tu. Gawa jumla ya mvua ya Machi kwa 30 badala ya 31, wastani utatoka bila lalamiko lolote, nao utakuwa wa uongo. Kazi ya kukagua maana ni ya mwalimu, na atapata muda wa kuifanya asipoumalizia kwenye kusaka mabano. Maabara ambayo bado ina 3.9 ibadilishe: tangu Oktoba 2025 toleo hilo halitengenezewi tena hata viraka vya usalama.