Mngurumo Hauanzii Nyuma: Kuchagua Ekzosi ya Subaru ya Tabo

Mwenye Impreza WRX akishaamua kubadilisha ekzosi, swali lake la kwanza gereji huwa ni la nyuma ya gari: sailensa gani, mdomo wa inchi ngapi, sauti itatokaje. Fundi naye hujibu alichoulizwa. Baada ya kazi ya kukata na kuchomelea, gari linatoka likipiga kelele kweli, lakini si ule mngurumo wa kukatikakatika uliomfanya mtu aipende Subaru tangu utotoni, akiwa kando ya barabara anasubiri vumbi la Safari Rally. Colin McRae aliyashinda mashindano hayo 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns naye akashinda na Impreza 2000, na sauti ya magari yale haijawatoka masikioni Wakenya wala majirani zao. Sauti hiyo haitengenezwi na sailensa. Inazaliwa mbele, chini ya injini, na asiyelijua hilo atamwaga pesa mahali pasipohusika.

Injini ya Subaru ni ya boksa: silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Mpango wake wa kuwaka ni 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili, kwa hiyo moshi hutoka mara mbili mfululizo upande huu, kisha mara mbili upande ule. Katika Impreza nyingi zenye injini ya EJ, tabo imekaa upande mmoja, na mabomba ya manifoldi hayalingani urefu: moshi wa silinda za mbali unapita kwanza chini ya injini ndipo ukutane na wa silinda za karibu. Injini inawaka kwa vipindi sawa, ila moshi unaifikia tabo kwa vipindi visivyo sawa. Kupishana huko, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ndiko sikio linakokusikia kama mngurumo.

Sasa angalia gari lako ni la kizazi kipi. Legacy za tabo zilizotoka Japani kuanzia 2003, na Impreza STI za soko la Japani za miaka ileile, zilipewa tabo ya njia mbili na manifoldi yenye mabomba yaliyolinganishwa urefu. Wahandisi wa Subaru walikuwa na sababu nzuri: moshi ukifika kwa mpangilio, tabo huamka mapema na injini huvuta vizuri kuanzia mizunguko ya chini. WRX zenye injini ya FA20, zilizoanza 2014, nazo zina mabomba yanayolingana. Magari haya yote hayangurumi kama Impreza ya McRae, na hakuna sailensa duniani itakayoyafanya yangurume hivyo. Kuna wanaong'oa manifoldi ya kiwandani na kufunga isiyolingana ili tu wapate sauti. Mimi sikubaliani nao. Unakuwa umenunua gari lenye tabo bora, kisha ukailipia iwe mbaya. Mwenye kuutaka mngurumo ule atafute toka mwanzo gari lenye manifoldi ya zamani. Anayetaka mwendo, alilonalo limeshampa.

Tuje kwenye upana wa bomba, ambako maneno ya gereji hupotosha kuliko mahali pengine popote. Utaambiwa kwamba injini inahitaji presha ya moshi inayoirudi ili iwe na nguvu. Si kweli. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi wake dhidi ya kizuizi. Ukweli ulio nyuma ya usemi huo ni mwingine: injini isiyo na tabo inahitaji moshi uende kwa kasi. Kila mpigo wa moshi unaopita kwa kasi huacha nyuma yake presha ndogo, na presha hiyo ndogo husaidia kufyonza moshi wa silinda inayofuata. Ukifunga bomba la inchi 3 kwenye injini ya lita 2 isiyo na tabo, kama ya Toyota 86, moshi unapunguza kasi, ufyonzaji unalegea, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa za barabarani. Kinachokosekana hapo ni kasi ya moshi, wala si presha.

Kwenye gari la tabo hesabu inageuka. Tabo inazungushwa na tofauti ya presha na joto kati ya pande zake mbili. Kabla ya tabo unataka mabomba mafupi, membamba kiasi, yanayotunza joto. Baada ya tabo unataka njia pana iwezekanavyo. Ndiyo maana bomba la inchi 3, yaani milimita 76, limekuwa kipimo cha kawaida kwa WRX na STI, na ndiyo maana daunpaipu, lile bomba la kwanza linalotoka kwenye tabo, hubadilisha gari kuliko vipande vyote vinavyofuata. Sehemu ya nyuma peke yake, kutoka masega, yaani kisafisha moshi, hadi mdomoni, hubadilisha zaidi sauti. Nguvu inayoongeza ni ndogo kiasi kwamba dereva wa kawaida hataihisi bila kipimo.

Lakini hapohapo penye faida ndipo penye hatari, na hapa naomba usome polepole. Tabo ina vali ndogo inayoachia moshi upite pembeni presha inapofika kiwango kilichopangwa. Vali hiyo ilipimwa kwa ekzosi ya kiwandani. Ukiifungulia njia ghafla, inaweza kuzidiwa: presha ya hewa inaendelea kupanda wakati kompyuta ya injini haikupangiwa hali hiyo. Mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, injini inaanza kugonga, na katika injini za EJ za lita 2.5 sehemu inayokufa kwanza inajulikana na kila fundi wa Subaru: kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Ukiwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18, na tabo inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kuijaza injini kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo daunpaipu isifungwe kabla hujapata mtu wa kuiprogramu upya kompyuta ya injini huku akisoma mchanganyiko wa hewa na mafuta na akisikiliza kugonga. Kama pesa ya kazi hiyo haipo bado, daunpaipu isubiri.

Masega je? Mafundi wengi watakushauri uyatoe, na wengine watakuambia yameziba hata kabla ya kuyapima. Kumbuka kwamba ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini yenye bei kubwa, na masega yaliyotolewa hayatupwi jalalani. Kazi ya masega ni kugeuza kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zenye madhara madogo kabla hazijamfikia anayetembea kando ya barabara. Zamani ilisemwa kwamba petroli yetu inayaua, na ilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006. Masega yakiziba siku hizi, mara nyingi ni kwa sababu injini inakula oili au plagi haiwaki vizuri, na kuyatoa hakuponyi ugonjwa huo. Kuyapima ni rahisi: fundi anafungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, anafunga geji ya presha kwenye tundu lake, kisha injini inashikiliwa kwenye mizunguko 2,500. Kwa kawaida presha ikibaki chini ya psi 3, njia iko wazi. Anayehitaji nafasi zaidi anunue masega yenye vitundu vipana yaliyotengenezwa kwa magari ya tabo. Nguvu yanayokula ni kidogo, na harufu ya petroli haitakufuata hadi kwenye kiti cha mtoto wako.

Sailensa ziko za aina mbili kuu. Moja ina vyumba na kuta ndani. Moshi unazungushwa na mawimbi ya sauti yanagongana hadi yanafifia. Nyingine ni bomba lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo inayomeza sauti. Hii ya pili haiuzuii moshi, nayo ndiyo chaguo la kawaida la gari la kasi, ila pamba yake huungua na kupeperuka pole pole, na sailensa uliyoinunua ikiwa tulivu inakuwa kali baada ya miaka kadhaa. Uliza kabla ya kununua kama inaweza kufunguliwa na kujazwa pamba mpya.

Adui wa kweli wa safari ndefu ni uvumi wa ndani ya gari, ile sauti nzito isiyobadilika inayokaa kichwani kutoka Nairobi hadi Nakuru. Chanzo chake kina hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kwa sekunde, na mizunguko hiyo ndiyo unayokaa nayo kwenye barabara kuu. Mabomba na bodi ya gari vikiitikia mlio huo wa hezi 100, utashuka garini umechoka. Dawa yake ni tawi la bomba lililozibwa mwishoni, lenye urefu wa robo ya wimbi la sauti, yaani kati ya mita 1 na 1.2 kulingana na joto la moshi ndani yake. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume na lenzake, yote mawili yanafutana. Ekzosi nzuri huja na tawi hilo au na chumba kinachofanya kazi hiyohiyo. Usilinunue bomba kwa kulisikiliza limesimama uani likipigwa resi. Omba upande gari lililofungwa bomba hilo na uende nalo dakika ishirini kwa mwendo mmoja.

Kuhusu chuma sitasema mengi. Bomba la chuma cha kawaida linalochomelewa Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi ni rahisi, na fundi hodari atalikunja vizuri, lakini kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam chumvi ya bahari italimaliza mapema. Stenlesi ya daraja la 304, yenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ndiyo inayostahili pesa yako. Chukua sumaku uende nayo dukani: 304 haiishiki, au huishika kwa unyonge, ikinata kwa nguvu, basi ni ya daraja la 409 au ni chuma tu kilichong'arishwa. Titaniamu ni nyepesi mno, uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya chuma kwa ujazo uleule, ila huku kwetu mafundi wa kuichomelea vizuri ni wachache, na matuta yetu hayana huruma na bomba lililopinda chini.

Matuta hayo yakuongoze wakati wa kufunga. Lala chini ya gari likiwa limebeba abiria, siyo tupu, uangalie bomba limeshuka kiasi gani. Acha pia nafasi ya chuma kupanuka: bomba la stenlesi la mita 2 likipata joto la nyuzi 300 zaidi, hurefuka karibu milimita 10, na hapo ndipo bampa huyeyuka na viungio hupasuka. Gasketi ziwe mpya, raba za kuning'iniza ziwe imara. Kiungio kinachovuja chini ya sakafu si suala la sauti tu. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, haikumwachia kila mtu aamue kelele yake. Kipimo huchukuliwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, na kwa magari ya abiria yenye injini mbele kiwango cha juu kilichowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ni desibeli 96. Kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010 masharti yaliongezwa, na sailensa zenye kizibo cha kuchomoa hazikubaliki tena. Kibao cha uthibitisho, kama kile cha JASMA, chama cha Japani cha watengenezaji wa sailensa, kikiwa kwenye sailensa ya gari ulilolinunua kutoka huko, usiikate: huenda tayari unayo ekzosi bora kuliko utakayouziwa. Kwetu pia sheria zipo. Kenya ina kanuni za kelele na mtikisiko tangu 2009, Tanzania tangu 2015. Sikio la binadamu huhesabu ongezeko la desibeli 10 kuwa takriban mara mbili ya sauti, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa sana kwa mgonjwa aliyelala chumba cha pili kutoka barabarani saa saba za usiku.

Kwa WRX au STI ya EJ inayotumika kila siku, ushauri wangu ni sehemu ya nyuma ya stenlesi 304 ya inchi 3, sailensa kubwa ya kunyooka yenye chumba cha kuzima uvumi, manifoldi ya kiwandani ibaki ilivyo, na masega yabaki mahali pake. Daunpaipu ije baadaye, siku moja na kazi ya kompyuta. Pesa ikibaki, badilisha kwanza oili na plagi.