Safari ya kuvua Turkana: Uliza upepo kwanza

UKIMWAMBIA mtu wa Nairobi kwamba unakwenda jangwani kuvua samaki, atakuuliza kama jua limekupiga kichwani. Lakini huko kaskazini mwa nchi yetu, ambako mvua ni ya kusimuliwa na mawe huchoma nyayo, kuna Ziwa Turkana, lenye urefu wa kilomita 250 hivi. Wataalamu husema ndilo ziwa la jangwani lililo kubwa kuliko yote ulimwenguni.

Mimi ninapopanga safari ya huko sianzi na ndoana. Naanza na upepo. Upepo huo hutoka kusini mashariki, huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, na mawimbi yake si ya mchezo. Mwaka 1934, ziwa lilipokuwa likiitwa Rudolf, Mwingereza Vivian Fuchs alikuja na wenzake kulichunguza. Wawili kati yao walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, na hawakuonekana tena.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ndiyo maana mashua naikodi pamoja na mwenyeji wake, na nahodha ni yeye. Akisema leo hatutoki, tutakaa kivulini tunywe chai, hata kama siku za likizo zinakwisha.

Njia ni mbili. Ya magharibi hupita Kitale, Kapenguria na Lodwar hadi Kalokol. Ya mashariki hupitia Maralal au Marsabit hadi Loiyangalani. Kabla ya kuondoka, uliza polisi hali ya usalama njiani, na uulize afisi ya uvuvi habari za leseni. Maji ya kunywa beba mwenyewe, kwani ya ziwa yana magadi. Mimi huhesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na yale ya gari. Kofia na shati la mikono mirefu si mapambo huko.

Samaki wanaotafutwa zaidi ni mbuta, ambaye aweza kupita kilo 100, kwa hivyo mshipi mwembamba uache nyumbani. Yuko pia samaki mwenye meno makali kama msumeno. Yeye hukata nailoni mara moja, basi funga kipande cha waya karibu na ndoana. Na samaki akinasa, usiingie majini kumfuata. Mamba wa ziwa hilo ni wengi, na hawana haraka.

Sasa, msomaji, kuna jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Wewe unakwenda kustarehe, lakini mwenyeji wako anatafuta chakula cha watoto. Wael Molo wameishi kwa samaki tangu zamani, wakivua kwa mikuki juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma. Waturkana wengi ni wafugaji, lakini ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulipomaliza mifugo, serikali iliwaleta baadhi yao ufuoni wajifunze kutumia nyavu. Basi patana bei ya mashua kabla ya kupanda, na samaki wanaozidi sufuria yako waachie wenyeji.

Ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Karibu asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 UNESCO ililiweka eneo la mbuga za Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha, mnamo 2020, maji yakapanda yakafunika nyumba na njia za ufuoni.

Kwa hiyo usiitegemee ramani ya zamani. Ukifika Kalokol, shuka garini, wasalimu wazee, uulize: siku hizi mashua hutia nanga wapi, na upepo hutulia saa ngapi?