BARAFU HAIOKOI KOI: Jinsi ya kupoza maji ya bwawa kwenye joto la Dar



Somo la leo ni la wanaouza samaki wa mapambo, hasa koi. Ila hata kama unauza viatu au keki, soma mpaka mwisho, kuna kitu chako.

Mi nauza koi mtandaoni, huu mwaka wa nne. Sijasomea samaki, nimeishia kidato cha nne. Ninachojua nimekijua kwa kupoteza samaki, na wale walioniuma zaidi hawakufia kwangu, walifia kwa mteja.

Alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa Kigamboni. Alinunua koi wanane, shilingi 25,000 kila mmoja, akalipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Nikampelekea mwenyewe. Bwawa lake nililiona, nikalisifia, nikaondoka na hela yangu.

Februari akanipigia. "Mwanangu, samaki wako juu wanapiga midomo, maji yamekuwa ya moto." Nikamjibu haraka haraka, maana nilikuwa nafunga oda: "Shikamoo Mwalimu, gandisha chupa za maji, weka bwawani. Yatapoa."

Akafanya hivyo. Chupa nne za lita moja na nusu kila siku mchana, siku tatu mfululizo. Siku ya nne alfajiri akanitumia picha. Watano wanaelea.

Nikamrudishia hela ya wale watano, shilingi 125,000. Alipokea, ila alisema neno moja ambalo bado ninalo kichwani: "Hela siyo shida, mwanangu. Wewe ulisema unajua."

Nikanunua kipima joto cha majini, nikavuka pantoni kwenda kupima lile bwawa. Saa tisa alasiri maji yalikuwa nyuzi 34. Nikarudi siku nyingine asubuhi na mapema, saa kumi na mbili, nikakuta nyuzi 28. Hapo ndo nikachanganyikiwa. Samaki walikufa alfajiri, yaani muda ambao maji yamepoa kuliko saa zote. Sasa kama kinachoua ni joto, kwa nini hawakufa mchana?

JOTO LINAUA KWA KUNYIMA HEWA

Jibu ni oksijeni. Maji yana oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, na samaki anaivuta kwa matamvua. Maji yakipata joto, uwezo wa kubeba oksijeni unashuka. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yakiwa nyuzi 20, inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 inabeba 7 na nusu. Yakifika 35 ni kama 7 tu.

Wakati huo huo mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe, unafuata joto la maji. Maji yakiwa ya moto, mwili unafanya kazi haraka na unahitaji hewa zaidi. Ni kama duka ambalo wateja wanaongezeka huku mzigo stoo unapungua.

Na koi asili yake siyo huku kwetu. Wale wa rangi rangi walianza kuzalishwa Japani, mkoa wa Niigata, sehemu yenye theluji nyingi wakati wa baridi. Koi anajisikia vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 15 na 25 hivi. Hapa Dar anaishi vizuri tu, ila yakipita 30 anaanza kuteseka, na makosa madogo yanaanza kumuua.

Sasa kwa nini alfajiri? Maji ya Mwalimu yalikuwa ya kijani. Ule ukijani ni mwani, vimimea vidogo sana. Mchana kwenye mwanga vinatengeneza oksijeni. Usiku vinageuka, navyo vinaitumia. Samaki anavuta, mwani unavuta, uchafu unaooza chini unavuta. Usiku kucha stoo inatolewa tu, hakuna kinachoingia isipokuwa kile kinachopita juu ya maji. Kwa hiyo kabla jua halijachomoza ndo hewa inakuwa chini kabisa.

Kuna na jambo la pili, amonia. Inatokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, na sehemu yake ndiyo sumu kali. Kwenye maji yenye pH 8, sehemu hiyo ya sumu kwa nyuzi 30 ni karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 20. Uchafu ni ule ule, ila joto linaupa makali.

KWA NINI BARAFU HAIKUSAIDIA

Bwawa la Mwalimu lilikuwa mita 2 kwa mita 1.5, kina sentimita 40. Ukizidisha unapata lita 1,200. Chupa zake nne ni kilo 6 za barafu. Nilipopiga hesabu, kilo 6 hizo zikiyeyuka zote na maji yake kupata joto la bwawa, zinashusha lita 1,200 kwa nusu nyuzi tu. Jua la saa saba mchana linarudisha joto hilo ndani ya nusu saa. Mzee wa watu alikuwa anagandisha chupa usiku, umeme unakwenda, kwa ajili ya nusu nyuzi.

Na ukisema umwage barafu nyingi mpaka maji yapoe kweli, unashusha joto ghafla. Samaki anaweza kuzoea joto linalobadilika polepole, lakini kupanda na kushuka kwa ghafla kunamdhoofisha na magonjwa yanaingia.

MAMBO SITA YANAYOSAIDIA KWELI

1. Kivuli, na kiwe cha juu.
Zuia jua lisiingie, hiyo ni rahisi kuliko kuondoa joto likishaingia. Hapa Dar mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini, halafu tena Oktoba. Ukuta wa pembeni hausaidii saa sita mchana. Weka neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani wanayotumia kwenye vitalu vya miche, au banda la makuti. Inue iwe juu ya kichwa cha mtu ili upepo upite katikati. Usilaze turubai juu ya maji, hapo unafunga mlango wa hewa. Maua ya majini nayo yanatia kivuli, ila yasizidi nusu ya bwawa, maana usiku nayo yanavuta oksijeni. Gugumaji la ziwani usilete kabisa, linazaana hovyo.

2. Kina.
Bwawa la sentimita 40 ni sufuria. Maji mengi yanachelewa kupata joto mchana, hivyo samaki hapati misukosuko. Kwa koi anzia mita 1, ukiweza 1.2 mpaka 1.5 ni bora zaidi. Ila maji ya chini yasiposogezwa yanakosa hewa, kwa hiyo kina kiende pamoja na pampu. Na usijaze samaki. Mi nahesabu lita 1,000 kwa koi mmoja mkubwa, maana hawa wanaweza kufika sentimita 60.

3. Hewa, hasa usiku.
Wengi wanawasha pampu mchana wageni wakiwepo, usiku wanazima kubana umeme. Geuza. Kama huwezi kulipia saa 24, zima mchana, washa kuanzia jioni mpaka jua lichomoze. Kazi kubwa ya mapovu ni kuvuruga uso wa maji ili hewa iingie. Kama umeme kwenu unakatika, tafuta pampu ya hewa yenye betri. Kama huna kabisa, chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, rudia rudia. Inachosha, ila inaokoa.

4. Acha maji yapae.
Maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto. Lita moja ikipaa inaondoa joto kuliko kilo tano za barafu, na ni bure. Ndiyo maana maporomoko madogo au pampu inayorusha maji inapoza. Ila tusidanganyane, pwani kuna unyevu mwingi hewani, maji hayapai haraka kama Dodoma. Yatapoa kidogo, hayatakuwa ya friji. Usiku wenye upepo ndo yanapoa vizuri.

5. Badilisha maji kwa akili.
Tanki jeusi lililokaa juani mchana kutwa linatoa maji ya moto. Hata mpira wa maji uliolala juani, lita za kwanza ni za kuchemsha, zimwage kwenye mboga. Badilisha asubuhi na mapema, moja ya tano ya bwawa, isizidi hapo kwa mara moja. Maji ya bomba yana klorini, yaweke kwenye pipa wazi kivulini siku moja au mbili huku pampu ya hewa inapuliza, ndo uyatumie.

6. Punguza chakula.
Samaki akila anahitaji oksijeni zaidi kusaga chakula. Ukimlisha jioni unampa kazi hiyo usiku, wakati hewa inapungua. Siku za joto kali lisha asubuhi jua likishatoka, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika chache. Kinachobaki kitoe. Ukiona wanapiga midomo juu, usilishe siku hiyo. Anza na hewa, halafu kivuli, halafu moja ya tano ya maji.

BARAFU INA KAZI YAKE

Barafu siyo adui, ina mahali pake: kwenye usafirishaji. Mfuko wa samaki una lita chache, hapo chupa moja inafanya kazi kweli. Mi nafanya hivi. Samaki hawali saa 24 kabla ya safari, ili wasichafue maji ya mfuko. Mfuko unakuwa theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni ya mtungi. Naweka kwenye lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wa barafu, pembeni chupa moja iliyogandishwa na kuzungushiwa gazeti, isiguse mfuko. Bodaboda anatoka saa kumi na mbili asubuhi au baada ya magharibi. Oda ya saa nane mchana siitumi, hata mteja akinuna.

Ikifika, mteja aueleze mfuko bwawani, kivulini, dakika 15 mpaka 20 kabla ya kufungua, ili joto la mfuko na la bwawa lilingane.

MASWALI NINAYOULIZA KABLA YA KUPOKEA HELA

Siku hizi mtu akisema "nataka koi watano", simtumii bei kwanza. Namuomba vitu vinne:

- Picha ya bwawa, iliyopigwa saa saba mchana. Nataka kuona jua linaingia wapi.
- Urefu, upana na kina. Zidisha kwa mita, halafu mara 1,000, unapata lita.
- Joto la maji saa tisa alasiri na alfajiri. Kipima joto ni bei ndogo, kama hana namwekea kwenye oda.
- Umeme ukikatika usiku, ana mpango gani?

Majibu yakiwa mabaya namwambia ukweli: tengeneza bwawa kwanza, samaki utawakuta. Kuna wanaokasirika na kwenda kwa mwingine. Nimepoteza mauzo kwa njia hiyo, sikatai. Lakini simu za "samaki wako wamekufa" zimepungua sana, na anayerudi anarudi na rafiki yake.

Mwalimu alileta fundi, bwawa likachimbwa mpaka mita 1, likapata banda la makuti na pampu inayolala imewashwa. Februari iliyofuata nikaenda kupima tena. Saa tisa alasiri: nyuzi 29. Wale watatu waliobaki wapo, wamenenepa. Nilimwambia nitamletea wengine kwa bei ya kununulia, akacheka. "Hawa watatu wananitosha. Nimeshajifunza kuhesabu lita."

Sasa kile kitu chako wewe unayeuza viatu au keki. Ushauri unaoutoa kwenye WhatsApp ni sehemu ya bidhaa. Mteja anaufuata kwa sababu amekuamini, siyo kwa sababu ameupima. Mi nilijibu swali la maisha ya samaki wanane huku mkono mmoja unafunga mzigo mwingine. Ningesema tu "Mwalimu, nipe saa moja niulize anayejua," huenda wale watano wangekuwepo leo.

Kama hujui, sema hujui, halafu katafute. Kazi njema wote.