Silika Iliyomo Katika Kumvi

Mpunga unaolimwa katika mabonde ya Pemba hufyonza kutoka ardhini, pamoja na maji, silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga na kioo, na huilimbikiza hasa katika maganda ya punje. Maganda hayo, yaitwayo kumvi, ni takribani moja ya tano ya uzito wa mpunga, na yakiunguzwa huacha majivu ambayo kwa kawaida zaidi ya asilimia 85 ni silika.

Silika hiyo inaweza kugeuzwa unga wenye vitundu vya kipimo cha nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na vitundu vinavyozungumziwa hapa vina upana wa nanomita 2 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia nanomita 80,000. Kwa wingi wa vitundu hivyo, gramu moja ya unga inaweza kufikisha eneo la mita za mraba 1,000, yaani robo eka, ambamo unyevu, dawa au uchafu wa maji hunaswa. Nchini Tanzania, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha alipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nanomateriali.

Hata hivyo, utengenezaji wa kawaida ni mzigo kwa mazingira, kwani mchanga na magadi huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kisha molekuli zinazofanya kazi ya kalibu ya vitundu huteketezwa kwa moto baada ya kutumika mara moja tu. Majivu ya kumvi, kinyume chake, huyeyuka katika kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kwa joto la maji yanayochemka, mradi yasiwe yameunguzwa kupita kiasi, kwa sababu moto mkali huifanya silika kuwa fuwele ngumu ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Kuhusu kalibu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, wakiongozwa na Siddharth Patwardhan, walijifunza kwa diatomu, viumbe vidogo vya majini vinavyojijengea maganda ya silika bila moto wowote, wakapata njia ya kutengeneza silika katika joto la kawaida na kuiondoa kalibu kwa asidi ili itumike tena.

Pemba haikosi mfano wa kufuata katika kugeuza mabaki ya mazao kuwa bidhaa, kwani makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Kumvi nazo zinastahili heshima hiyo, lakini kwa sharti kwamba maji ya asidi na soda yasafishwe kabla ya kufika kwenye visima na mikoko, kwa maana bidhaa ya kusafisha maji inayochafua maji ya kisiwa itakuwa imepoteza sababu ya kutengenezwa.