Mashine ya kufuata macho: je, inayaona macho yetu?

Vijana wetu wanaosoma saikolojia au udaktari katika vyuo vya hapa Brussels, ULB, VUB au UCLouvain kule Woluwe, huenda siku moja wakatakiwa kuchagua mashine ya kufuata macho kwa ajili ya utafiti. Na wazazi wao, majirani na watu wa kanisani ndio watakaoombwa kuja kukaa mbele yake. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu pande zote mbili.

Inafanyaje kazi? Taa ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho halioni, humulika uso. Kamera hupiga picha ya mboni, yaani ule mweusi wa katikati, pamoja na kimeta cha taa juu ya jicho. Kompyuta huangalia vile viwili vimekaaje. Kabla ya kuanza utatazama nukta kadhaa kwenye skrini, mara nyingi tano au tisa, ili mashine ilizoee jicho lako.

Wauzaji hupenda kutaja kasi. Tukisoma, jicho halitelezi: linatua, linaruka, linatua tena. Kutua huchukua kama milisekunde 200 hadi 250, na mruko huisha kabla ya milisekunde 50. Mashine ya picha 60 kwa sekunde hupiga moja kila milisekunde 17 hivi. Hiyo yatosha kujua mtu ametazama wapi, tuseme picha au maandishi kwenye karatasi ya dawa. Anayetaka kupima mruko wenyewe, kama kwa wagonjwa wa Parkinson, atafute picha 500 au 1000. Lakini hizo ni ghali, na nyingi humtaka mtu aegemeze kidevu. Mzee mwenye shingo inayouma hatavumilia nusu saa, na mtoto ndiyo usiseme!

Kwangu mimi swali kubwa ni jingine. Siku hizi kuna programu zinazotumia kamera ya kawaida ya kompyuta, bila infraredi, na ni rahisi mno. Sasa tazama macho yetu kwenye kioo: duara la rangi ni kahawia iliyokoza, na mboni ni nyeusi. Kwa mwanga wa kawaida viwili hivyo huonekana kama kitu kimoja. Kwa infraredi kahawia hung'aa na mboni hujitenga vizuri. Kwa hiyo mwanafunzi asiridhike na maonyesho ya muuzaji aliyejipima mwenyewe. Aende na mtu mwenye macho meusi, mwenye miwani (kioo chake hurudisha mwanga wa taa) na dada aliyepaka wanja. Watu hawa wakitupwa nje ya hesabu, utafiti utasema "wakazi wa Brussels" na Matonge nzima haimo.

Nawe uliyeombwa kushiriki, jua kwamba sheria ya Ubelgiji ya tarehe 7 Mei 2004 inataka kamati ya maadili iupitie utafiti kwanza, upewe maelezo unayoyaelewa, utoe idhini yako, na kuwe na bima. Kama Kifaransa kinakupiga chenga, omba ueleweshwe kabla ya kutia sahihi. Unaweza kuondoka katikati bila kutoa sababu. Kama una kifafa, sema mapema, maana picha zinazomweka-mweka zinaweza kukuletea shida.

Usichanganye mashine hii na kipimo cha macho. Inajua unatazama wapi. Haijui kama jicho ni zima. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hutupata sisi wenye asili ya Kiafrika zaidi na mapema zaidi, mara nyingi bila maumivu yoyote, na uoni uliopotea haurudi. Ukishapita miaka 40, au kama mzazi wako aliugua, mwone daktari wa macho, ophtalmologue kwa Kifaransa au oogarts kwa Kiholanzi. Hapa Ubelgiji huhitaji barua ya daktari wa familia, ila piga simu mapema, kwani miadi huchukua muda mrefu kupatikana.