NENO LA KIINGEREZA: « BOYCOTT »

Mara nyingi tunasikia mu kilasi: « Tuboycotter masomo! » ao « Yule tumemuboycotter. » Wengi wanadhani ni neno la Kifaransa. Kumbe Wafaransa walilitwaa kwa Waingereza, na kwa Waingereza lilikuwa kwanza jina la mutu. Ndiyo sababu lina t mbili.

Bwana Charles Boycott alikuwa Mwingereza aliyekaa jimbo la Mayo, inchi ya Ayalandi. Alisimamia mashamba ya tajiri mumoja, Lord Erne, na kulipisha wakulima kodi ya udongo. Mwaka 1879 mavuno yalikuwa mabaya sana. Mwaka 1880 wakulima wakaomba kodi ipunguzwe 25 kwa 100; tajiri akakubali 10 tu. Wengine wakaletewa barua za kuwafukuza.

Tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka ule, kiongozi Charles Stewart Parnell alisema na watu katika muji wa Ennis. Aliwashauri wasimuue mutu anayetwaa shamba la mwenzake aliyefukuzwa, lakini wamuache peke yake, njiani, dukani, hata kanisani. Watu wa Mayo wakamufanyia Bwana Boycott vile. Wafanyakazi wakatoka shambani, wenye maduka wakakataa kumuuzia, muhunzi na mufuaji wa nguo wakaacha kazi yake. Ikabidi watu 50 waletwe kutoka mbali kumuvunia, na askari karibu 1.000 kuwalinda. Watu walikadiri kwamba mavuno yale yalikuwa na bei ya paundi 500, lakini kuyalinda kulikula paundi 10.000! Mwanzo wa mwezi wa 12 Bwana Boycott akaondoka Ayalandi.

Mwandishi wa gazeti wa Marekani, James Redpath, alieleza kwamba padri John O'Malley ndiye aliyependekeza jina lile litumiwe kama neno, sababu neno la zamani lenye asili ya Kigiriki lilikuwa gumu kwa wakulima. Mwaka uleule magazeti yakaanza kuliandika.

Basi, maana yake ina sehemu tatu: watu wengi wanapatana, wanakataa kununua, kuuza, kufanya kazi ao kushirikiana, tena kuna jambo wanalotaka ligeuzwe. Mufano: Montgomery, Marekani, mwaka 1955 na 1956, watu weusi walikataa kupanda mabisi kwa siku 381, mupaka sheria ya kutenganisha watu ndani ya bisi ikaondolewa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekimbia masomo peke yake hafanyi boycott, amekimbia tu. Na kilasi nzima ikikataa kusalimia mwanafunzi mugeni juu ya nguo zake ao lugha yake, ile vilevile si boycott. Wakulima wa Mayo walikuwa wazaifu mbele ya mutu mwenye nguvu, na walijua wanaomba nini. Sisi tukiwa 40 juu ya mumoja, wenye nguvu ni sisi. Tena tunamuomba ageuze nini? Hawezi kugeuza kabila wala umasikini wa wazazi wake. Ile ni kutesa mutu, na tusiifunike kwa neno la wale waliokuwa wakitetea mashamba yao.